Gari la Debe na Gari la Waya

Kama hujawahi kufika Sumbawanga mwezi wa sita au wa saba, basi baridi unaisikia tu kwa jina. Mji wetu umekaa juu, kama mita 1,800 toka usawa wa bahari, na upepo unaotoka milima ya Mbizi hauna adabu hata kidogo. Katika alfajiri za namna hiyo ndipo nilipojifunza kusukuma gari. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na Land Rover ya petroli ambayo asubuhi ilikuwa haitaki kusikia habari ya stata. Basi tunaamshwa watoto wote, tunajipanga nyuma, yeye anatia gia ya pili, anakanyaga klachi, na sisi tunasukuma kuelekea mteremko huku moshi ukitutoka vinywani utadhani injini ni sisi. Likiwaka, tunapiga makofi. Lisipowaka, kasheshe.

Baba mdogo ni fundi magari. Gereji yake haina bango wala paa. Iko chini ya mikaratusi mitatu, na udongo wa pale umekunywa oili kwa miaka thelathini mpaka umekuwa mweusi kama lami. Mwaka jana kijana mmoja mfanyabiashara alileta pale pikipiki ya umeme. Ilikuwa imegoma. Baba mdogo akaizunguka mara mbili, akachuchumaa, akaomba spana namba kumi, akafungua kifuniko kimoja, akakuta kisanduku kilichofungwa kwa gundi na nyaya nene za rangi ya chungwa. Akarudisha kifuniko. Akafuta mikono, ingawa haikuwa imechafuka, akasema: "Mwanangu, hii haina tumbo."

Pikipiki ile ilipakiwa kwenye basi ikapelekwa kutafutiwa tiba mbali. Jioni ile Baba mdogo hakula sana. Siku chache baadaye akaniita, akaniambia kwamba yeye anazeeka, mgongo haukubali tena kulala chini ya gari, na kwamba kabla mvua hazijaanza nimwambie kama nitaichukua gereji au nitaendelea na "hayo maandishi yako". Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yangu siyataji hapa, na nina riwaya iliyokwama sura ya saba. Swali lake halikuwa la kujibu mara moja. Nikafanya lile ninaloliweza: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua gari la petroli linadai nini kwa mwenyewe, gari la umeme linadai nini, na lini hasa ugomvi wao ulianza.

Jambo la kwanza nililolikuta lilinishangaza, na nadhani litawashangaza wengi wenzangu. Sisi tunadhani gari la umeme ni jambo la jana. La hasha! Mwaka 1897 tayari teksi za umeme zilikuwa zinabeba abiria katika mitaa ya London. Zilitengenezwa na kijana aitwaye Walter Bersey, na watu walizipa jina la ndege mvumaji kwa sababu ya mlio wake mwororo. Na huko Marekani, katika hesabu ya magari yaliyotengenezwa mwaka 1900, ambayo jumla yalikuwa 4,192, yale ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli yalikuwa 936 tu. Petroli ilikuwa ya mwisho! Kama angetokea mpiga ramli wa wakati ule akatabiri kwamba karne nzima itanuka petroli, wangemcheka.

Sababu zake ni za gereji. Gari la petroli la enzi hizo lilikuwa adhabu. Kuliwasha ni kwa hendeli, unazungusha kwa nguvu zako zote, na injini ikikurudishia teke, mkono unavunjika. Liliwaka kwa kubembelezwa, likalilia oili kila mara, likatetemeka, likatoa moshi. La umeme ulikuwa unapanda, unasukuma mpini, unakwenda. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, mtu aliyeijaza dunia magari ya petroli, alikuwa anaendesha gari la umeme la Detroit Electric la mwaka 1914. Bwana yuko kiwandani anaunda Model T, bibi yuko mjini na gari la betri. Wenzangu mnaoandika riwaya, ndoa hiyo ni sura nzima.

Lakini na la umeme lilikuwa na madai yake. Teksi za Bersey zilikuwa na uzito wa tani mbili hivi, na mzigo huo wote wa betri za risasi uliikalia mipira ikaisha upesi. Mtikisiko wa barabara ukaziharibu sahani za risasi zilizomo ndani ya betri. Kufikia mwaka 1899 zikaondoka barabarani. Thomas Edison naye alihangaika miaka mingi kutengeneza betri ya nikeli na chuma. Ilikuwa ngumu na ilidumu, ila bei yake ilikuwa kubwa na ilihitaji kuongezwa maji mara kwa mara. Kwa maneno mengine, miaka ile ya mwanzo gari la petroli liliumwa kila siku lakini maradhi yake yalitibika kwa senti. La umeme lilikuwa na afya njema mpaka siku lilipoumwa, na likiumwa ni moyo.

Kisha mwaka 1912 Charles Kettering akaleta stata ya umeme katika magari ya Cadillac. Hendeli ikaanza kufa. Na tazama kichekesho chake: betri na mota, viungo vya gari la umeme, ndivyo vilivyoingizwa ndani ya gari la petroli vikalisaidia kumuua ndugu yao. Kila mara Land Rover yetu ilipogoma asubuhi, kumbe ni kile kipande chake cha umeme kilichokuwa kimegoma. Petroli yenyewe haikuwa na kosa.

Hayo ni ya Ulaya na Marekani, na vitabu vingi vinaishia hapo. Mimi nilitaka kujua kwa nini huku kwetu gari la umeme halikujaribu hata kubisha hodi. Jibu nililipata mahali ambapo sikulitegemea: sokoni. Nilikuwa namsindikiza mama kununua mahindi, na muuzaji anapima kwa debe. Debe! Nikasimama pale kama mjinga. Sote tunapima mahindi, maharage, ulezi na dagaa kwa debe, na wachache tunakumbuka kwamba debe lilikuja nchi hii likiwa na mafuta ndani yake, ya taa na ya magari. Bati jembamba la pembe nne, galoni nne, lita kumi na nane hivi. Mtu mzima analiweka kichwani na kutembea nalo.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo lenyewe. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la petroli lililotengenezwa maalumu huko Gaggenau, akikusudia kuivuka Afrika toka bahari hii mpaka ile. Alipitia Tabora, akashuka kusini katika nchi ambayo leo ni Zambia, akazungukia Bulawayo na Johannesburg, na akafika Swakopmund, ufukwe wa Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Hebu piga hesabu ya mwendo: bara la namna ile, ukitembea kwa miguu bila haraka, siku hizo zinakutosha na chenji inabaki. Kwa hakika siku nyingi gari halikuwa linakwenda, lilikuwa linangoja. Lilingoja vipuri, lilingoja kufunguliwa na kufungwa upya, lilingoja kuvutwa matopeni. Na mafuta yake yalikuwa yametangulizwa njiani kwa vichwa vya wapagazi. Majina ya wapagazi hao hayatajwi. Gari lile la ajabu lililoandikwa magazetini liliishi kwa shingo za watu.

Basi fikiria gari la umeme katika safari ile. Ungelichaji wapi? Umeme huwezi kuutia ndani ya debe ukamtwisha mpagazi. Hapakuwa na waya hata mmoja kati ya Tabora na Zambia. Kwa hiyo petroli ilishinda Ufipa kabla haijapambana, na si kwa ubora wa injini. Ilishinda kwa sababu chakula chake kilibebeka.

Kuna na sababu ya pili, ambayo naona fahari kuisema. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma kabla Mzungu hajatia mguu. Wazee wetu walijenga matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine yana kimo cha mita tatu. Yalivuta hewa yenyewe kwa vibomba vya udongo vilivyopangwa chini, bila mivukuto, na chuma kikitoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto. Masalia ya malungu bado yamesimama katika mashamba ya watu, na watoto wanayadhani ni vichuguu. Majembe ya dukani yalipoingia kwa wingi katika enzi ya ukoloni, moto wa malungu ukazimika. Ila uhunzi haukuzimika. Mhunzi aliyekosa chuma cha tanuri alikipata katika springi ya lori lililokufa. Mpaka leo panga zuri na jembe zuri hutoka katika springi. Kwa hiyo gari la petroli lilipoanza kufia katika barabara zetu, lilifia mikononi mwa watu waliojua chuma. Bushi ikiisha, inachongwa nyingine. Jani la springi likikatika, linapigwa moto.

Nisije nikasahau meli. Ziwani, chini ya uwanda wetu, katika bandari za Kipili na Kasanga, wazee wanaijua Liemba kuliko gari lolote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walifanya jambo ambalo Baba mdogo, nilipomsomea, alinitaka nimsomee tena: kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito. Hawakuweza kuvumilia kuiharibu. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaisafisha, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo ile ile ya mvuke ikizunguka. Katika miaka ya 1970 ndipo ilipofungiwa injini za dizeli. Miaka mingi chini ya maji! "Huyo ndiyo fundi," Baba mdogo akasema, akimaanisha yule Mjerumani mwenye grisi, na akanyamaza kwa muda.

Sasa nije miaka ambayo yeye mwenyewe aliishuhudia au kusimuliwa na waliomfundisha kazi. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake huko Rhodesia, Zambia ikakatiwa njia ya mafuta, na barabara ya kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ikajaa malori yaliyobeba mapipa. Kwenye masika malori yalikuwa yanalala ubavu kama ng'ombe. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968 likapunguza shida hiyo, na baadaye ikaja lami, na TAZARA mwaka 1976. Hayo yote yalikuwa yanapita Tunduma. Kutoka Tunduma kuja kwetu, kilomita zaidi ya 220, kulibaki vumbi kiangazi na tope masika kwa miaka mingine karibu arobaini.

Na juu ya barabara hiyo palikuwa na mahindi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ililipa bei moja ya mahindi nchi nzima, uwe Morogoro au uwe Laela, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne ya kusini iliyolisha taifa. Mahindi yakapatikana kwa wingi, malori hayakutosha. Ilipofika miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupaa, fedha za kigeni zikawa hakuna. Petroli ikawa ya foleni. Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi halikuruhusiwa kutembea. Kipuri ulikuwa unakiota. Nchi ilijaribu kujitengenezea: Kibaha yaliunganishwa malori ya Scania, na hapo hapo Kibaha likaanzishwa Shirika la Nyumbu chini ya jeshi ili tuunde gari letu. Ila huku juu lori la mahindi lililokufa njiani lilikuwa na daktari mmoja tu, naye ni fundi aliyekuwa nalo pale pale.

Baba mdogo alikuwa tanboi katika miaka hiyo, na masimulizi yake yanatosha kujaza gazeti hili. Tangi likitoboka, wanasugua sabuni ya mche mpaka tundu linaziba. Rejeta ikivuja, wanatia unga. Gasketi inakatwa katika boksi la sigara. Mpira ukikataa kiraka, wanaujaza nyasi na kutembea taratibu mpaka Mpui. Pointi za distribyuta zinasuguliwa kwa karatasi ya kiberiti. Safari moja, anasema, walikaa siku tisa katika tope karibu na Kaengesa, wakawa wanakula mahindi ya serikali waliyoyabeba, na wenyeji wakawa wanawapangisha foleni ya kuomba lifti katika gari ambalo halitembei.

Mimi humsikiliza na kucheka, lakini nilipokuwa naandika haya nikaona kitu. Hadithi zote hizi ni za gari la petroli kuharibika. Hana hata hadithi moja ya gari zima. Sisi tumekulia katika uharibifu, tukaufanya kipaji, tukaupenda. Mtu anayesema gari la umeme haliharibiki ovyo anadhani anatupa habari njema, na hajui anatunyang'anya nini.

Haya, lakini ukweli wa spana tuuseme bila machozi. Gari la petroli linadai oili mpya na filta yake kila baada ya kilomita elfu tano mpaka kumi. Linadai plagi, filta ya hewa (kwa vumbi letu, we acha tu), filta ya petroli, mikanda, klachi, oili ya giaboksi, ekzosi inayotoboka, rejeta inayoziba, alteneta, stata. Ndani ya injini zimo pistoni, ringi, vavu na shafti, mamia ya vipande vya chuma vinavyosuguana kwenye moto. Gari la umeme lina mota ambayo kwa kweli kinachozunguka ndani yake ni rota juu ya beringi. Oili ya injini hakuna kwa kuwa injini hakuna. Klachi hakuna. Plagi hakuna. Gia mara nyingi ni moja. Hata pedi za breki zinakaa sana, kwa kuwa ukiachia mafuta, samahani, ukiachia pedeli, mota inageuka dainamo, inalishika gari huku ikirudisha umeme kwenye betri. Watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, mwaka 2021 walikadiria kwamba matengenezo ya gari la umeme yanagharimu senti 6.1 za dola kwa kila maili, na ya petroli senti 10.1. Karibu asilimia 40 inabaki mfukoni.

Ila watafiti hao hawakupita Ntendo kushuka Muze. Nilikaa gerejini mwezi mzima na daftari, nikiandika kila gari lililoingia na ugonjwa wake. Zaidi ya nusu hayakuja kwa ajili ya injini. Yalikuja kwa shokapu, bushi, bolijointi, beringi za magurudumu, springi, mipira, na bodi iliyolegea kwa mtikisiko. Magonjwa hayo hayaulizi gari linakula nini. Gari la umeme litayaugua yote, na pengine zaidi, kwa kuwa betri yake inaliongezea mara nyingi kilo mia mbili au tatu, na uzito ndiyo adui wa bushi na mipira, kama alivyogundua Bersey kule London. Lami ya Tunduma mpaka Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za Marekani za mfuko wa Milenia baada ya mkataba wa mwaka 2008 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, imewapunguzia mafundi wa springi kazi kuliko mota yoyote ya umeme. Huo ndiyo ukweli ambao sijauona umeandikwa popote.

Mteremko wa Muze nao una hesabu yake, na nilipenda kuifanya. Kutoka uwandani mpaka bonde la Ziwa Rukwa unashuka karibu mita 1,000. Gari la petroli linashuka huku breki zikinuka mpaka abiria wanasali. Gari la umeme la tani mbili, kwa kushuka kimo hicho, lina nguvu ya kama yuniti tano za LUKU iliyofichika katika uzito wake, na pengine tatu za hizo zinaweza kurudi kwenye betri badala ya kuungua kwenye pedi. Kupanda kurudi, bila shaka, utazilipa tena na riba. Lakini pedi zitapona.

Betri yenyewe ndiyo kesi. Za siku hizi ni za lithiamu, kampuni nyingi huzidhamini miaka minane au kilomita 160,000, na hazihitaji maji wala asidi. Joto kali huzichosha: wenye Nissan Leaf za mwanzo katika jimbo la Arizona walilalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zinapungua upesi, maana gari lile halikuwa na mfumo wa kuipoza betri. Baridi nayo hupunguza mwendo wa safari, ila haiui. Norway kuna baridi ambayo yetu ikiiona itaomba blanketi, na mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Kwa hali ya hewa, basi, Ufipa ni pazuri kwa betri kuliko Dar. Kasoro ni kwamba ndani ya betri mna volti 300 au 400, na hizo hazichezewi kwa spana ya chuma na mkono wa jasho. Fundi wa kabureta akikosea, gari halitawaka. Fundi wa betri akikosea, tunachimba kaburi.

Na waya wenyewe? Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umekuwa ukinunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia inayopita Mbala. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu. Wazee wetu waliwapelekea Wazambia mafuta kwa mapipa, sasa wao wakawa wanatuletea umeme kwa waya. Na mwaka 2024 ukame ulipolikausha bwawa la Kariba, Zambia yenyewe ikawa gizani saa nyingi kwa siku. Kwa upande mwingine Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha mwaka huo huo wa 2024, megawati 2,115 kwa mitambo yake tisa, na mradi wa njia kubwa ya kilovolti 400 toka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma umelengwa kuja mpaka kwetu. Na juu ya mabati ya vijiji vya Nkasi paneli za jua ziko nyingi kuliko antena. Kumbe debe la umeme limepatikana, ni la kioo, linakaa juu ya paa.

Wenzetu hawakukaa. Makerere waliendesha Kiira EV yao mwaka 2011. Arusha gari la watalii lililokuwa la dizeli lilibadilishwa kuwa la umeme mwaka 2018. Nairobi mabasi ya BasiGo yameanza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia mwaka 2024 imezuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Hayo nayapita haraka kwa sababu Baba mdogo, nilipomsomea, alipiga miayo. Swali lake lilikuwa moja: "Hiyo betri ikifa, nani atafungua?" Nikamwambia Kampala, Nairobi na Arusha wapo vijana wanaofungua. Akasema, "Hao si wa hapa."

Wiki mbili zilizopita ile pikipiki ya umeme ikarudi gerejini. Mwenyewe alikuja anaisukuma, akasema inapiga kelele kama inasaga mawe. Nikadhani Baba mdogo ataikataa. Akaniambia nizime swichi kuu na nikae mbali na zile nyaya za chungwa, kisha akaliinua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa kidole, akasikiliza ameinamisha kichwa. Beringi. Akaigonga ikatoka, akatafuta katika kopo lake la biskuti, akapata ya saizi ile ile iliyotoka kwenye pikipiki ya Kichina, akaipaka grisi, akaifunga. Dakika ishirini. Kijana akalipa, akaondoka bila mlio wowote, tukabaki tunamtazama mpaka akakata kona ya Majengo.

Baba mdogo akaenda kunawa. Mvua bado hazijaanza, na mimi sijamjibu.